Mpare ninayekopa ili nisiitwe bahili, kuna mwenzangu humu?

mtoto_wa_ndiva:
Wakuu habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho ndio mcheke.

Mimi Mpare wa Usangi, Dar huu mwaka wa tisa, niko stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza naripoti kazini dada wa mapokezi alivyosikia tu jina la ukoo akasema ahaa Mpare, basi chai ya hapa tutakunywa kwa macho. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Sasa ni miaka tisa wimbo ni uleule, mara Mpare anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, mara Mpare anatundika samaki juu ya meza anashushia ugali kwa kumuangalia, na mimi bado nacheka.

Utani wenyewe wala sio shida, shida ni mimi nilivyogeuka. Tukienda kwa mama ntilie watu watano, hela ikidaiwa mkono wangu ndio wa kwanza mfukoni, hata sijui unafikaje huko. Nikilipa wanasema leo mvua itanyesha, nisipolipa wanaangaliana.

Mwaka jana kulikuwa na kikao cha harusi ya mwenzetu kazini, kadi single 50,000 double 100,000, mwenyekiti anapita mtu mmoja mmoja kuchukua ahadi, kufika kwangu akasema huyu tumruke jamani tusije tukampandisha presha. Watu hoi. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe unasema laki tatu. Makofi, vigelegele, mtu akasimama kabisa kunipa mkono. Wakuu mshahara wangu ukishakatwa makato haufiki laki sita!

Nikaenda kwa wale wa kausha damu, unachukua 300,000 unarudisha 420,000 ndani ya mwezi. Nikachelewa wiki mbili tu wakaja nyumbani wakabeba friji, ile ndogo wife anayouzia barafu na juisi ya ukwaju. Wakati wanaishusha ngazi barafu za wateja ziko kwenye beseni zinayeyuka, wife (Mnyaturu, hana maneno mengi) akaniuliza, wale waliokupigia makofi umewaambia waje watusaidie kushusha?

Na kichekesho ni kwamba kila kamati mhazini ni mimi. "Mpe Mpare, hapo hela haitoki." Yaani nikishika hela za watu ubahili ni sifa, nikishika zangu ni aibu.

Ni mimi peke yangu au na nyie kuna mtu anaishi kukanusha kitu ambacho hakukifanya? Mlitokaje huko?

kuku_wa_kesi:
Mpare kaja kuomba ushauri wa bure 😂😂 hapa angelipa ndio ningeshangaa

mtoto_wa_ndiva:
Nilijua utakuja we mtu 😂

mama_junia:
Kaka yangu pole. Mimi nimecheka hapo kwenye mkono kufika mfukoni halafu nikaacha kucheka.

Mimi ni Mchaga wa Machame. Mnajua mnavyosema kuhusu sisi, kwamba ukioa Machame andika wosia mapema. Mume wangu wa Tanga. Kabla ya ndoa wifi yangu mkubwa alimwambia mbele yangu, anacheka, "kaka usile kila unachopakuliwa". Basi utani.

2019 mume wangu akaumwa tumbo, akalazwa siku kumi na moja. Nilikuwa naamka saa kumi napika uji na supu, nafika wodini nakuta wifi kashaleta chakula na mgonjwa kashakula. Siku ya tatu ndio nikaelewa. Hakuna aliyenitamkia kitu, ila supu yangu ilikuwa inarudi nyumbani kwenye chupa ileile naimwaga. Siku ya nne nikaacha kupika, nikawa naenda na mikono mitupu nakaa pembeni ya kitanda kama mgeni.

Akapona, Mungu mkubwa. Ila alivyorudi kazini akaletewa fomu ya kujaza warithi akaniuliza nikuandike asilimia ngapi, nikamwambia muandike mama yako. Kiwanja tumenunua Kibaha, nusu ni hela yangu ya kikoba, hati ina jina lake tu na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nilitaka siku likitokea la kutokea pasiwe na mtu wa kusema unaona, Mmachame. Sasa nina watoto wawili na nikikaa usiku nikapiga hesabu naona wale watu hawajaninyang'anya kitu, nimewapelekea mwenyewe mlangoni.

Wewe friji itarudi. Mimi bado sijajua naanzia wapi kumwambia mume wangu tukabadilishe hati, maana nikiomba leo hiyo si ndio itakuwa ushahidi?

nshomile_wa_kimara:
Dada mama_junia umeniumiza. Mimi Mhaya, kikao cha kazini najua jibu nakaa kimya, maana nikifungua mdomo tu "nshomile kaanza", yaani msomi kaanza kujidai. Kuna siku walikosea hesabu ya mzigo nimekaa naangalia. Sijivunii.

mkurya_og:
Nyie mnalialia sana. Mimi Mkurya, nikitaja kabila watu wananipisha foleni, hakuna mtu wa kunidhulumu chenji. Sioni tatizo lolote.

mama_junia:
Na nyumba ya kupanga wanakupisha pia?

mkurya_og:
Hapo dada umenishika pabaya. Tabata mwenye nyumba alishapokea kabisa hela ya miezi sita, kuja kuandikishana mkataba akaona jina, akasema samahani kuna ndugu yangu anarudi kutoka Mwanza. Akaja tena wa Segerea naye ana ndugu kutoka Mwanza. Hao ndugu wa Mwanza wako wengi sana. Siku hizi nikitafuta nyumba namtanguliza wife ndio aongee.

babu_mwanga:
Vijana shikamoo zenu nimezipokea ingawa hakuna aliyenipa.

Mnachanganya vitu viwili. Utani wa makabila una kanuni zake. Wangoni na Wahehe walichinjana kweli kwenye miaka ya 1870 na 1880, baadaye wakawa watani. Mtani anakuja msibani kwako anamuigiza marehemu, anazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, lakini huyohuyo ndiye kashika jembe la kaburi tangu alfajiri. Anayekutania ana kazi ya kukufanyia, na wewe unamtania yeye vilevile, hamna wa kununa. Sasa huyo mwenyekiti wako wa harusi amewahi kukuchimbia nini? Huyo sio mtani, huyo anakucheka tu.

Serikali yenyewe haijatuuliza kabila kwenye sensa tangu ile ya 1967, ila mapokezi ya ofisi wanahesabu kila asubuhi.

Na huo ubahili, mimi nimekulia milimani huko. Bonde la chini ni kame, mvua ya kubahatisha, ndio maana wazee walichimba ndiva, yale mabwawa ya maji ya kumwagilia. Maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, ukifungulia mfereji siku isiyo yako unapigwa faini. Mtu aliyekua hivyo hawezi kumwaga hovyo, iwe maji iwe hela, mimi sioni aibu iko wapi. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu wakajazana Same kuikataa kodi ya mbiru mpaka ikaja kufutwa, kwa hiyo hata mkoloni alishaujua mkono wetu.

Ila kijana laki tatu ulizitoa wewe. Usimsukumie mwenyekiti zote.

kuku_wa_kesi:
Shikamoo babu. Nimefuta ile nyingine niliyokuwa naandika

mtoto_wa_ndiva:
Marahaba zote zimfikie babu... samahani, shikamoo babu, nimechanganyikiwa 😂 Kweli nilizitoa mimi, nakubali.

Mrejesho kidogo. Jana Jumamosi kulikuwa na kikao kingine, send-off ya binti wa meneja. Wife aliniandikia kwenye kikaratasi 50,000 akakiweka kwenye mfuko wa shati. Mwenyekiti yuleyule. Kufika kwangu kabla hajasema kitu nikasema hamsini, single, nakuja peke yangu. Akasema jamani Mpare karudi kwao! Ukumbi ukacheka, masikio yananiwaka moto, mkono umeng'ang'ania kile kikaratasi mpaka kimelowa jasho, na laki tatu iko hapo kooni inataka kutoka wallahi. Nikanywa maji.

Halafu wakanichagua mhazini.

mama_junia:
Umekubali?

mtoto_wa_ndiva:
Nimewaambia wampe mtu wa Mwanza.