Mtoto ana pumu ya ngozi: nazi na mwarobaini vinatosha?

Mama wa Chumbageni

Habari zenu. Mwanangu ana miaka 4, na pumu ya ngozi ilimwanza akiwa na miezi mitano. Inamshika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mchana anacheza na wenzake vizuri tu. Usiku ndio kazi: anajikuna akiwa usingizini mpaka naamka nakuta shuka ina madoa ya damu. Nimemkata kucha, nimemvisha soksi mikononi, anazivua.

Hospitali walimpa krimu ya haidrokotisoni, na ilimsaidia. Shoga yangu akaniambia hiyo ni steroidi, zile dawa za kuzima wekundu na uvimbe, itamla mtoto ngozi, nikaogopa nikaacha. Nikawa namwogesha maji ya majani ya mwarobaini na kumpaka mafuta ya nazi ninayopika mwenyewe. Muwasho ulipungua lakini haukuisha. Mwezi wa tatu nikanunua dawa kwa muuza mitishamba mmoja, kikopo cheupe cha plastiki, hakina karatasi wala jina. Aliniapia kwamba ni majani matupu. Siku ya tatu ngozi ya mwanangu ilikuwa laini kama hajawahi kuumwa. Nililia kwa furaha.

Sasa ni wiki ya sita. Nikiruka siku mbili tu, inarudi kwa ukali kuliko mwanzo, nyekundu, inavuja maji. Na juzi nikimwogesha nikaona kwenye mkunjo wa kiwiko ngozi imekuwa nyembamba, inang'aa, mishipa inaonekana. Naombeni mwenye kujua anieleze, haya ni majani gani? Na nikitupa hiki kikopo, nazi na mwarobaini vitamtosha?

Bibi wa Wete

Pole sana mwanangu. Mjukuu wangu alikuwa hivyo hivyo, na nazi ndiyo iliyotutoa. Lakini namna ya kuyatengeneza ni muhimu. Chagua nazi zilizokomaa, kuna, kamua tui la kwanza zito bila kutia maji mengi, liache usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa. Asubuhi utakuta utando mzito juu na maji chini. Chota ule utando peke yake, uweke kwenye moto mdogo kabisa. Maji yote yaishe, maana yakibaki mafuta yatavunda baada ya siku chache. Chuja kwa kitambaa safi kilichokauka. Paka mtoto akitoka kuoga, kabla hajakauka vizuri.

Hayo majani usiyoyajua, weka pembeni. Dawa ya asili mwenye nayo hukuonyesha mti wake.

Mkude

Mimi ningeongeza ndimu. Kamulia kwenye mafuta ya nazi, paka, mtoto akae juani kidogo asubuhi. Inakausha na kuondoa madoa.

Mfamasia wa Moshi

Dada, nakuomba uanze na hili la ndimu: usifanye. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Mwaka jana alikuja dukani kijana aliyejipaka ndimu shingoni kisha akaenda shamba. Alikuwa na malengelenge kama aliyemwagikiwa chai, na baadaye doa jeusi lilikaa miezi. Ndugu Mkude, najua umesema kwa nia njema, ila kwa mtoto mwenye ngozi iliyopasuka, hapana.

Sasa kikopo. Nimesimama kaunta ya duka la dawa miaka 19, na ulichokieleza nimekiona mara nyingi mno: siku tatu ngozi safi, ukiacha inarudi kwa hasira, kisha inakuwa nyembamba na mishipa inajitokeza. Siwezi kupima kikopo chako kwa kukisoma hapa, lakini majani hayafanyi kazi hivyo. Steroidi kali ndiyo inafanya hivyo. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 zilizokuwa zikiuzwa kama mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa ngozi. Nane zilikutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na wagonjwa hawakuambiwa. Huku kwetu tunajua wanaotengeneza mkorogo wanachanganya klobetasoli, steroidi kali sana, kwa hiyo dawa hizo ziko mitaani na hazipatikani kwa shida.

Linaloniuma ni kwamba uliikimbia haidrokotisoni, ambayo ni dhaifu kuliko zote katika kundi lake, imepimwa, imeandikwa nguvu yake kwenye tyubu, na ukaangukia kwenye kitu ambacho huenda ni kikali mara nyingi zaidi, kisichoandikwa chochote. Sikulaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni sisi tunaotoa tyubu dirishani bila kueleza. Ulipaswa kuambiwa hivi: kamua krimu kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza. Hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka palipo pekundu tu, kwa siku ulizoelekezwa, pakitulia acha, endelea na mafuta. Ikitumiwa namna hiyo haimli mtoto ngozi.

Usikitupe kikopo. Kifunge, nenda nacho hospitali wiki hii, mwonyeshe daktari na mwambie wiki sita. Ngozi iliyozoea steroidi kali inaweza kulipuka ikikatishiwa ghafla, kwa hiyo yeye ndiye apange namna ya kushuka. Ukiona maganda ya rangi ya asali, usaha, homa, au vidonda vidogo vingi vya duara vinavyofanana, usisubiri kesho.

Kuhusu nazi, bibi yetu wa Wete yuko sahihi, na nafurahi kusema hivyo kwa sababu hii imepimwa. Ufilipino walichukua watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya kiasi, nusu wakapakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani na nusu mafuta ya madini, yale yatokanayo na petroli, wiki 8. Waliopakwa nazi, ukali wa ugonjwa ulishuka kwa wastani wa asilimia 68, wenzao asilimia 38. Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta wa fito ambao udongo umedondoka: maji yanatoka, vijidudu na vumbi vinaingia. Mafuta ni ule udongo. Lazima upake kila siku, hata wiki ambazo hana dalili, na wakati ngozi imewaka mafuta peke yake hayatauzima moto. Ndiyo maana nazi haikukutosha. Ilikuwa inafanya kazi yake, ila mliiachia na kazi ya krimu. Na ukiyapika, moto uwe mdogo kweli. Yakishika rangi ya kahawia na harufu ya kukaanga, hayo pikia wali. Mafuta ya zeituni usimpake. Watu wanayapenda sana, lakini yamepimwa kwa watu wazima na kuonekana yanadhoofisha huo ukuta.

Mwarobaini: maji ya majani, ya uvuguvugu, si ya moto, mara moja moja, mtoto akiyapenda. Yakimuuma au akizidi kuwa mwekundu, acha, kuna ngozi zinazoukataa. Mafuta ya mbegu za mwarobaini asinywe hata tone, yamewahi kuwapa watoto degedege na hata kuua. Na ukitaka mshubiri, kata jani, lisimamishe mpaka ule utomvu wa njano utoke wote, huo ndio unaowasha. Tumia ute mweupe wa ndani tu, mahali pasipo na kidonda.

Mama wa Chumbageni

Shikamoo bibi, na asante sana kaka. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Leo asubuhi tumekwenda. Daktari alikifungua kikopo, akakinusa, akamwangalia mtoto viwiko kwa kioo cha kukuzia, akasema karibu maneno yako yale yale. Ametupa krimu ya kushuka nayo taratibu kwa wiki tatu na tarehe ya kurudi. Nimemwonyesha mafuta yangu ya nazi, amesema niendelee, mara mbili kwa siku.

Swali moja limebaki. Mwezi wa saba tunakwenda Lushoto kwa mama mkwe. Mwaka jana kule mafuta yaliganda yakawa meupe, nikadhani yameharibika nikayamwaga. Na mtoto alijikuna kuliko huku Tanga.

Mfamasia wa Moshi

Hayakuharibika. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, hata hapa Moshi mwezi wa saba yangu yanakuwa kama nta. Chota kidogo, sugua viganjani, yatayeyuka. Yaliyoharibika utayajua kwa harufu ya uchachu. Na kule baridi mvalishe fulana ya pamba ndani ya sweta. Sufu ikigusa ngozi yake moja kwa moja, ndiyo iliyomkunisha mwaka jana, pamoja na maji ya moto ya kuogea ambayo mama mkwe bila shaka alimchemshia kwa upendo.