Kituo cha tuisheni kimemnyima mtoto alama kwa jibu sahihi: 4294967297 SI nambari tasa!

Jamani watu wa Mombasa, nina hasira, na msiniambie nipoe kabla hamjazisoma hesabu zenyewe.

Kuna kituo cha tuisheni huku Kisauni kilichowapa watoto kijitabu cha mazoezi ya likizo. Swali mojawapo: je, 4294967297 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Mpwa wangu akajibu si tasa, akaandika 641 × 6700417. Akatiwa X nyekundu! Pembeni mwalimu kaandika kwamba ni tasa, eti haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13, na tena Fermat, yule mwanahesabu wa zamani, alishasema.

Kweli, kwa hizo sita haigawanyiki. Lakini nani kawaambia mtu huishia 13? Kipeuo cha pili cha nambari hii ni 65,536 na ushei. Ukitaka kujaribu moja moja, basi ni nambari tasa zote mpaka hapo. Kukomea njiani na kutangaza jibu ni uvivu, na uvivu huo tunaulipia karo.

Na huyo Fermat wasimsingizie. Mnamo 1640 Mfaransa huyo aliziangalia 3, 5, 17, 257 na 65537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ikaongezwa 1, na zote ni tasa. Akaamini kuwa ya kipeo cha 32, ndiyo hii yetu, nayo itakuwa tasa. Aliamini tu, hakuthibitisha. Mwaka 1732 mwanahesabu mwingine, Euler, akaonyesha kwamba 641 inaigawanya bila baki.

Wala hakuna haja ya kuhangaika na maelfu ya nambari. Euler alithibitisha kwamba tasa yoyote inayoigawanya hii lazima, ukiitoa 1, kinachobaki kigawanyike kwa 64. Zianze kuzihesabu: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, umefika! Mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa penseli. Hesabu tamu namna hii, badala ya kufundishwa darasani, mtoto anaadhibiwa kwa kuijua.

Nilipokwenda kuuliza nikajibiwa, "Mama, kitabu ndivyo kinavyosema." Nikaomba tuzidishe pamoja palepale mezani. Wakakataa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ile X. Mwalimu wa hesabu anakataa vipi kuzidisha?

Nataka alama za mtoto zirudishwe, na kijitabu kisahihishwe kabla hakijagawiwa wengine. Mzazi mwenye nakala, chukua karatasi: 6700417 mara 600 ni 4020250200, mara 40 ni 268016680, mara 1 ni yenyewe. Jumlisha, kisha nenda nayo pale ofisini kwao. Mimi narudi Jumatatu asubuhi, anayetaka tufuatane aandike hapa chini.