Miwani ya VR kwa mgonjwa wa sonona, inasaidia kweli akumbuke mazuri?

Binti_Ngamiani
Habari zenu wakuu, naomba ushauri maana nyumbani tumekwama. Mama mdogo wangu ana sonona, hospitali walishamwambia na dawa anameza, ila mtu aliyekuwa akicheka mtaa mzima unajua yupo siku hizi anakaa barazani tangu asubuhi, chai inapoa hapohapo. Ukimuuliza habari za zamani anakwambia "tulikuwa tunafurahi" basi, humtoi hapo, siku fulani yenyewe haitaji. Sasa kuna kijana hapa Tanga anapiga video za harusi, ana kamera ya digrii 360, inayopiga pande zote, anasema anaweza kwenda ufukweni Raskazone akapiga halafu mama mdogo avae miwani ya VR, ile inayokuonyesha picha kila unapogeukia, ajione yuko pale walipokuwa wanaogelea usichanani. Nimevutiwa ila naogopa, je haitamuumiza zaidi?

Nesi_Chumbageni
Pole sana dada. Hiyo "tulikuwa tunafurahi" halafu kimya ndo ugonjwa wenyewe, sio kwamba anakunyima. Watafiti kina Williams na Broadbent Uingereza waliliona hili 1986 kwa wagonjwa waliokuwa wamejaribu kujiua, ukimpa neno akumbuke tukio moja anakutolea la jumla jumla, na baadaye likaonekana sana kwenye sonona. Kuna hadi mazoezi ya kumfundisha mtu kutaja siku moja, mahali pamoja, Filip Raes na wenzake wa Ubelgiji walitoa matokeo yao 2009. VR inaweza kusaidia hapo, macho yakiona maji yale yale kumbukumbu inapata pa kushika, ila kwa sonona bado ni tiba changa, imetumika zaidi kwenye hofu, mfano hofu ya kuwa juu.

Na woga wako una msingi. Joormann na wenzake 2007 waliona wenye sonona wakikumbuka raha zao hali ilishuka badala ya kupanda. Ila Werner-Seidler na Moulds 2012 wakaona kinacholeta tofauti ni namna ya kukumbuka, mtu akiingia kwenye mambo yenyewe yalikuwaje moyo unapanda, akianza kuwaza kwa nini na maana yake nini haupandi. Kwa hiyo akivaa miwani muulize maji yalikufika wapi, nani alikushika mkono, mlikula nini mlipotoka. Usimuulize kabisa "mbona siku hizi huendi".

Mdau_Bagamoyo
Mi naona mnazunguka, Raskazone si iko hapohapo? Mchukulieni bajaji mumpeleke. Huku kwetu mzee wetu alikuwa hivyohivyo tukawa tunamtoa asubuhi mpaka soko la samaki, anakaa tu anaangalia mashua zinaingia, taratibu akaanza kuuliza bei.

Nesi_Chumbageni
Mdau umesema kweli, kumrudisha mtu kidogo kidogo kwenye shughuli ni tiba inayojulikana kabisa na akikubali kutoka hiyo ndo bora. Shida kuna siku hata kuvaa kanga ni mlima, hapo miwani inaweza kuwa hatua ya kwanza. Dawa asiache, na daktari wake aambiwe kabla. Akianza kutamka kwamba amechoka kuishi msimwache peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali ya Bombo saa hiyohiyo.

Fundi_Simu_Tanga
Upande wa vifaa: mwambie huyo kijana kamera aiweke kwenye stendi isimame, asitembee nayo, picha ikitembea wakati mtu kakaa ndo kizunguzungu na kichefuchefu vinapoanzia. Stendi iwe urefu wa macho ya mtu aliyekaa, na sauti ya pale airekodi vizuri, watoto, upepo, vyote. Dakika chache zinatosha. Kama ana kifafa msijaribu. Si lazima miwani ya bei, ya boksi la kadibodi inakubali ili mradi simu iwe na gairo (gyroscope, kifaa cha ndani kinachohisi simu ikigeuzwa), bila hiyo akigeuza kichwa picha haigeuki.

Binti_Ngamiani
Ahsanteni sana jamani, Mungu awalipe. Jana usiku nilijaribu maswali ya nesi bila miwani, nikamuuliza walikuwa wanavaa nini kwenda kuogelea, akanyamaza weee nikajua ndo basi, mara akasema gauni la kijani la dada yake alilichukua bila ruhusa likachanika kwenye mwamba. Ndo siku moja ya kwanza kunitajia tangu aumwe! Nitaongea na daktari wake wiki hii kisha kijana akapige video upande ule wenye miamba. Fundi, simu yangu nitajuaje kama ina gairo?

Fundi_Simu_Tanga
Fungua video yoyote ya 360 YouTube uizungushe simu bila kugusa kioo. Picha ikifuata, ipo.