Boksi, faili, vibanio au kopo la kudumbukiza: kipi kinamwezesha mwanafunzi kufanya kazi peke yake?

Mwalimu_Mpya (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau wa elimu maalumu. Naombeni mnisaidie kuchagua.

Darasa langu lina mchanganyiko: wapo wenye usonji, wapo wenye ulemavu wa akili, mmoja ana mtindio wa ubongo na mkono wake wa kulia haufunguki vizuri, na mwingine ana uoni hafifu. Nataka kila siku kuwe na kipindi ambacho kila mtoto anafanya kazi yake ya mikono bila kusimamiwa hatua kwa hatua, ili nipate nafasi ya kumfundisha mmoja mmoja.

Katika kusoma na kuulizia nimepata njia nne:

1. Boksi la viatu ambalo kazi nzima imo ndani yake, sehemu zote zimegundishwa.
2. Faili la karatasi ngumu lenye kadi za kubandika kwa velkro (utepe wa pande mbili zinazoshikana na kubanduka).
3. Kadi za kujibu kwa kubana kibanio cha nguo.
4. Kopo lenye tundu kwenye mfuniko, mtoto anadumbukiza vitu.

Muda wa kutengeneza sina mwingi, nahitaji kuanza na moja. Ipi mtoto anaielewa bila maneno, na ipi inadumu?

---

Tibakazi77

Mwalimu, hongera kwa kuanza. Mimi ni mtabibu kazi, kwa hiyo nachangia kwa upande wa mikono.

Kopo la kudumbukiza ndilo rahisi kuliko yote, na lina jambo ambalo watu wengi hawalioni: unaweza kulipandisha ugumu kidogo kidogo bila mtoto kujifunza kazi mpya. Anza na tundu kubwa na mipira. Kisha tundu dogo na vifuniko vya chupa, ambavyo lazima avigeuze kwa ubavu ndipo viingie. Kisha mpasuko mwembamba na vifungo bapa. Kisha mfuniko wa plastiki laini ambao tundu lake ni dogo kidogo kuliko kitu, ili asukume kwa nguvu hadi kiingie. Kile kishindo cha kitu kutua chini ya kopo kinamwambia amefanikiwa, kabla wewe hujafungua mdomo.

Kibanio cha nguo kinataka mambo mengi kwa wakati mmoja: nguvu ya kidole gumba na cha shahada, kukiweka wazi huku mkono unasogea, kisha kukiachia mahali panapotakiwa. Watoto wenye sindromu ya Down mara nyingi wana misuli legevu na viungo vya vidole vinavyolegea, kwa hiyo kibanio chenye springi ngumu kinaweza kuwashinda hata kama jibu wanalijua vizuri. Hapo utadhani mtoto hajui rangi kumbe ni vidole. Kwa hao tafuta vibanio vyenye springi laini, au acha kadi zisubiri.

Kwa mwenye mkono usiofunguka, boksi linashinda, maana halikimbii. Tandika kitambaa chenye unyevunyevu chini yake, halitateleza mezani, naye atafanya kazi yote kwa mkono mmoja. Ila usiufiche ule mkono wa kulia. Mwache aulaze pembeni ya boksi kama kizuizi, nao upate kazi yake.

---

KaziKwanza

Naunga mkono boksi, ila sababu yangu ni tofauti.

Ukisoma mambo ya TEACCH, mpango ulioanzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina na Eric Schopler na wenzake kwa ajili ya watu wenye usonji, utakuta kila kituo cha kazi kinatakiwa kumjibu mwanafunzi maswali manne bila mtu kusema: nifanye kazi gani, nifanye kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baada ya hapo nini. Mimi napima kila kifaa kwa maswali hayo.

Boksi: vitu vya kutumia viko kwenye kikapu kidogo kilichogundishwa kushoto, mahali pa kuviweka pako kulia. Kikapu kikiwa kitupu, kazi imekwisha. Maswali matatu yamejibiwa papo hapo. La nne linajibiwa na rafu: maboksi yote ya kipindi yapo kushoto kwake, kikapu cha "tayari" kipo kulia, na mwishoni pana picha ya kile atakachofanya baadaye, kitu anachokipenda.

Faili: kadi zikikaa kwenye bahasha mgongoni mwa faili, mtoto haoni kiasi cha kazi. Akizimwaga mezani tayari kuna vurugu.

Kopo: linajibu vizuri kabisa mradi idadi ya vitu ijulikane. Ukimpa ndoo ya vifuniko isiyo na mwisho, umempa adhabu. Vitu vichache, kopo moja, basi.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, usitafute kifaa kizuri. Tafuta mpangilio ambao mtoto akiutazama anaona mwanzo na mwisho. Hata trei ya kawaida inatosha kama vitu vyake vimetulia mahali.

---

Mafaili_Daima

Hapo kwenye faili napinga. Maboksi yanajaza darasa. Mafaili unayapanga wima ndani ya droo moja, kazi za mwaka mzima zimo humo. Na kwa mtoto anayeanza kusoma, kuhesabu au kusoma saa, faili linakwenda mbali kuliko boksi.

Tatizo la kadi kujificha linatatulika. Bandika ukanda wa velkro kwenye ukurasa wa kushoto na upange kadi zote hapo kwa mstari, nafasi za kujibu ziwe ukurasa wa kulia. Anachomoa kushoto, anabandika kulia, ukanda ukibaki mtupu amemaliza. Yale maswali yako yamejibiwa.

Na jiwekee utaratibu mmoja tangu siku ya kwanza: upande laini wa velkro kwenye faili, upande wa kukwaruza kwenye kadi. Ukichanganya, baada ya muda kadi za kazi moja hazitanata kwenye faili jingine na utarudia kila kitu.

---

KaziKwanza

Mafaili_Daima, ule ukanda wa kushoto nimeupenda, nakubali hapo. Bado kwa mtoto ambaye hajaelewa kwamba picha ya kikombe inasimamia kikombe, karatasi haimwambii kitu. Huyo aanze na vitu halisi.

---

Mzazi_Mfuatiliaji

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu bado anatia kila kitu mdomoni. Hizi kazi za vifungo na shanga zinanitia hofu. Hao mnawafanyaje?

---

Tibakazi77

Swali lako ni la msingi, mama au baba, na lilipaswa kutangulia.

Kipimo kinachotumika kwa vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7. Kitu kikiingia chote ndani yake, kinaweza kumkaba mtoto. Mtoto anayetia vitu mdomoni tunampima kwa tabia hiyo, hata kama ana miaka 10. Kwa hiyo yeye anadumbukiza mipira mikubwa, mirija minene, vifuniko vipana vya makopo, vipande vya mbao ambavyo kwa macho tu unaona hawezi kuvimeza. Kudumbukiza ni kulekule, ukubwa ndio unabadilika.

Vitu viwili visiingie darasani kabisa kwa kazi za kujitegemea: betri ndogo za duara na sumaku ndogo. Betri ikikwama kooni inaunguza nyama kwa muda mfupi, ndani ya saa 2 madhara yanaweza kuwa makubwa. Sumaku zikimezwa zaidi ya moja zinavutana katikati ya kuta za utumbo na kuutoboa. Na puto pia ziache.

---

Mwalimu_Mpya

Asanteni sana, nimeshajifunza mengi. Swali jingine: nikimpa mtoto kazi, anaweka kitu kimoja halafu ananitazama. Nikisema "endelea", anaweka kingine, ananitazama tena. Hapo nafanyaje?

---

Mwl_Msaidizi

Huyo amejifunza kwamba sauti yako ni sehemu ya kazi. Ni jambo la kawaida sana na linarekebishika.

Simama nyuma yake, si mbele. Usiseme neno. Akikwama, gusa kiwiko chake au sogeza mkono wake taratibu hadi kwenye kitu kinachofuata, kisha ondoa mkono. Msaada wa mkono unaweza kuupunguza hatua kwa hatua: kutoka kushika kiganja, kwenda kugusa kifundo, kwenda kugusa kiwiko, hadi unakaa mbali. Maneno ni magumu kuyapunguza, maana neno ama umelisema ama hujalisema. Pongezi zisubiri boksi lifike kwenye kikapu cha "tayari".

Kazi yenye hatua nyingi, kama kufungasha vitu na kufunga zipu ya mfuko, ifundishe kuanzia mwisho. Wewe fanya hatua zote, mwachie kufunga zipu tu. Akiiweza, mwachie mbili za mwisho. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, na raha ya kumaliza ni yake.

Halafu kitu ambacho ningependa kila mwalimu akizingatie: kazi mpya haiendi kwenye kipindi cha kujitegemea. Inafundishwa kwanza kwenye meza ya mwalimu. Inahamia kwenye rafu siku mtoto anapoifanya toka mwanzo hadi mwisho bila kuguswa wala kuambiwa. Ukiweka kazi asiyoiweza, atakuita, au atatupa boksi, na atakuwa na haki.

---

Ufundi_Sekondari

Wadau, mnazungumzia wadogo. Mimi nina vijana. Kijana mwenye ndevu kupewa pete za rangi za mtoto mchanga ni kumvunjia heshima, hata kama ujuzi wa mikono yake ni wa mtoto mdogo. Ujuzi uleule unapatikana kwa vitu vya watu wazima.

Badala ya kudumbukiza mipira: kutumbukiza bahasha kwenye boksi la barua. Badala ya kupanga dubu za rangi: kupanga skrubu, nati na bolti kwa ukubwa kwenye trei ya vyumba vingi. Badala ya kulinganisha picha: kuoanisha soksi, kupanga vijiko na uma kwenye vyumba vyake, kuunganisha mwili wa kalamu na mfuniko wake. Kufungasha ndiyo naipenda zaidi: karatasi ngumu yenye michoro ya vitu vinavyotakiwa, kwa mfano kalamu moja, kifutio kimoja, kichongeo kimoja. Anaweka kila kitu juu ya mchoro wake, michoro ikijaa anatia vyote kwenye mfuko. Kijana asiyeweza kuhesabu hadi tatu anafungasha kwa usahihi, na hiyo ni kazi ambayo mtu mzima anaweza kuajiriwa kuifanya.

Kwa hiyo kura yangu ni trei. Boksi la viatu likigundishwa, limekuwa kazi moja milele. Trei naibadilisha ninavyotaka.

---

Nuru_Hafifu

Kwa yule mwenye uoni hafifu: ziache karatasi zilizofunikwa kwa plastiki inayong'aa. Mwanga wa dirisha ukipiga, haoni kitu. Mpe trei nyeusi isiyong'aa na vitu vya njano au vyeupe, au kinyume chake kama vitu ni vyeusi. Mdomo wa tundu uzungushie gundi nene ikauke, au kamba iliyobandikwa, aupate kwa kidole. Badala ya kupanga kwa rangi, apange kwa mguso: msasa, kitambaa laini, mpira. Na kikapu cha kuanzia kisihame hata siku moja, maana yeye hakitafuti kwa macho.

---

Sajo

Vipi kuhusu tableti? Watoto wanaipenda na haina maandalizi.

---

Tibakazi77

Ina nafasi yake, hasa kwa mtoto asiyeweza kushika kitu kabisa lakini anaweza kugusa au kubonyeza swichi. Kwa wengine, kioo hakivipi vidole ukinzani wala uzito, na kubahatisha kunalipa: anagusa kila mahali hadi kelele ya ushindi isikike. Naiweka kwenye ile picha ya mwisho, kitu cha kufanya baada ya kazi.

---

Mwl_Msaidizi

Hapo kwenye kubahatisha kuna jambo. Kazi nzuri inamwonyesha mtoto kosa bila mwalimu. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia ambaye kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 alikuwa akiwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa vifaa alivyovijenga juu ya kazi ya daktari Mfaransa Édouard Séguin, alikuwa na vigogo vya mbao vyenye mashimo 10 na silinda 10. Ukikosea moja, mwishoni inabaki isiyoingia popote.

Kwa kipimo hicho, boksi lenye matundu ya maumbo tofauti linajisahihisha, kitu kisicho chake hakiingii. Kopo vilevile. Kadi ya kibanio unaisaidia kwa kuchora alama nyuma, mtoto akiigeuza anaona kama kibanio kimeangukia alama. Faili ndilo dhaifu hapa: kadi yoyote inanata popote. Dawa ni kuchora kivuli cha umbo la kadi kwenye kila nafasi.

---

Mwalimu_Mpya

Nimeamua. Naanza na makopo matatu ya ugumu tofauti na trei za kufungasha, mafaili yatafuata kwa wale wanaotambua picha. Yule wa mkono mmoja namtengenezea boksi lake. Kitu kimoja bado: nani anarudisha vitu mahali pake baada ya kazi?

---

KaziKwanza

Mtu mzima, wakati watoto hawapo. Usimwage kazi ya mtoto mbele yake. Yeye amepanga vizuri, amejaza kikapu cha "tayari", halafu anaona mwalimu anabomoa kila kitu: kesho kwa nini ajisumbue? Maboksi yakae kwenye kikapu hadi waondoke. Bandika chini ya kila kazi karatasi yenye idadi ya vipande, ukirudisha uhesabu, kwa sababu kipande kimoja kikipotea kazi nzima haina mwisho tena. Vipande vya akiba weka kwenye mfuko uleule wa kazi, si kwenye droo ya pamoja.