Migusano ya asidi amino katika himoglobini S: nitumie kipimo gani cha umbali?

Mwanafunzi_Kasapa (Lubumbashi)

Habari zenu, ndugu wote.

Ninaandaa kazi ya kumaliza masomo kuhusu himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Nimeichagua mada hii kwa sababu hapa Lubumbashi ni vigumu kupata mtaa ambao hauna familia inayomlea mtoto mwenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu. Kwa kutumia miundo ya protini iliyokwisha kupimwa kwa eksirei, nataka kuonyesha ni asidi amino zipi (viungo vinavyofuatana kuunda mnyororo wa protini) zinazogusana na ile ya nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mahali ambapo valini imechukua nafasi ya glutamati.

Nimepakua miundo miwili kutoka Benki ya Data ya Protini: 4HHB, ambayo ni himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni, na 2HBS, ambayo ni himoglobini S, ile ya wagonjwa wa SS, nayo pia haina oksijeni. Programu fupi niliyoiandika kwa Python hupima umbali kati ya kaboni alfa (kaboni ya katikati ya asidi amino) za kila jozi, na jozi iliyo chini ya angstromu 8 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) inahesabiwa kuwa mgusano. Matokeo yananitatiza. Orodha imejaa jozi zinazofuatana kwenye mnyororo, hadi zile zenye maana zinazama humo. Tena, ninapoangalia tetrama moja, yaani himoglobini moja nzima yenye minyororo minne, majirani wa valini ya 6 ni karibu wale wale wa glutamati katika 4HHB, kana kwamba badiliko hilo halikuleta lolote.

Je, angstromu 8 ndicho kipimo kinachofaa? Na ule mgusano unaoelezwa katika masomo ya biokemia uko wapi hasa?

Mwalimu_wa_Biokemia (Bukavu)

Ndugu Mwanafunzi, swali lako la pili ndilo zito zaidi, lakini haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya la kwanza.

Hakuna umbali mmoja unaofaa kwa kazi zote, maana kipimo hufuata swali linaloulizwa. Angstromu 8 hutumiwa sana na wanaotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wake. Hao nao, katika CASP, mashindano yao ya kutabiri, hupima kati ya kaboni beta, yaani ya kwanza ya mnyororo wa pembeni (tawi linalotofautisha asidi amino moja na nyingine), isipokuwa kwa glisini ambayo haina kaboni beta. Wanachotafuta ni sehemu za mnyororo zinazokaribiana protini inapojikunja. Wewe unatafuta jambo jingine, yaani atomi zipi za minyororo ya pembeni zinabanana na zipi, na hilo kaboni alfa haiwezi kukuonyesha. Chukua lisini: mnyororo wake wa pembeni ukinyooka, nitrojeni ya kwenye ncha huwa zaidi ya angstromu 6 kutoka kaboni alfa. Kwa hiyo lisini inaweza kushikana barabara na aspartati huku kaboni alfa zao zimeachana kwa angstromu 9 au 10, na programu yako isione kitu. Kinyume chake pia hutokea: kaboni alfa mbili zinakaribiana, lakini minyororo ya pembeni imepeana mgongo.

Pima atomi kwa atomi. Haidrojeni ziache, kwa kuwa miundo mingi ya eksirei haizionyeshi. Kisha hesabu kuwa mgusano jozi yoyote ambayo atomi moja ya upande huu na moja ya upande ule ziko ndani ya angstromu 4.5. Baada ya hapo tenganisha aina zake. Bondi ya haidrojeni kwa kawaida huwa chini ya 3.5 kati ya atomi inayotoa na inayopokea. Chaji zinazovutana, yaani oksijeni ya aspartati au glutamati na nitrojeni ya lisini au arginini, huhesabiwa ndani ya 4. Zinazobaki ni zaidi zile za kaboni kwa kaboni, na ndizo zinazokuhusu wewe, kwa sababu mnyororo wa pembeni wa valini hauna chaji na unayakwepa maji.

Kuhusu kujaa kwa orodha: kaboni alfa mbili zinazofuatana huwa kama angstromu 3.8 kutoka moja hadi nyingine, na ndani ya heliksi ya alfa, sehemu ya mnyororo iliyojisokota kama springi, hata ile ya nne mbele iko kama angstromu 6 tu. Sehemu kubwa ya himoglobini ni heliksi, hivyo ulichokipata ndicho kilichotarajiwa. Ondoa jozi ambazo nafasi zao hazipishani kwa zaidi ya 4, lakini ndani ya mnyororo mmoja tu. Programu inayolinganisha namba bila kutazama herufi ya mnyororo itafuta mgusano kati ya ya 42 ya alfa na ya 40 ya beta kana kwamba zimefuatana, na hapo utakuwa umetupa kile kile ulichokuwa unakitafuta. Ondoa pia maji na hemu (sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni), au uziweke kwenye orodha yake ya pekee.

Fundi_wa_Miundo (Goma)

Naendelea pale Mwalimu alipoishia. Mgusano unaoutafuta hauko ndani ya tetrama; uko kati ya tetrama mbili.

Himoglobini moja ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Nafasi ya 6 ya beta iko juu ya uso, inatazama nje, na ndiyo maana ndani ya tetrama yake majirani hawabadiliki. Himoglobini S ikishapoteza oksijeni, valini ya beta mojawapo huingia katika kishimo kilichoko kati ya heliksi E na F za beta ya tetrama nyingine, na humo inakutana na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Kutokana na miungano ya namna hii nyuzi ndefu hujengeka, na chembe nyekundu ya damu hupinda umbo la mundu.

Sasa tazama faili lako. Muundo wa 2HBS, uliotolewa mwaka 1997 kwa upambanuzi wa angstromu 2.05, una tetrama mbili, yaani minyororo minane, A hadi H, katika sehemu ya msingi ya fuwele, ile inayorudiwa-rudiwa kuijenga fuwele nzima. Lakini ukichagua kupakua kusanyiko la kibiolojia, ambalo kwa himoglobini ni tetrama moja, unabaki na minyororo minne na mgusano wenyewe unatoweka, hata kipimo chako cha umbali kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, iambie programu ichapishe herufi za minyororo yote. Kisha ijenge na nakala za jirani ndani ya fuwele, jambo ambalo programu ya ChimeraX hulifanya bila taabu, kwa sababu tetrama zilizo pembezoni mwa faili zinagusana na nakala ambazo hazikuandikwa humo. Usishangae ukiona kwamba katika kila tetrama valini moja tu kati ya mbili ndiyo iliyoingia kishimoni. Ndivyo nyuzi pacha, yaani safu mbili za tetrama zilizoshikana, zinavyojengwa.

Tahadhari moja, nami naiona kuwa kubwa: migusano mingi kati ya molekuli ndani ya fuwele ni ya kupangana tu na haina kazi yoyote mwilini. Hii ya 2HBS tunaiamini kwa kuwa fuwele yenyewe imejengwa kwa nyuzi pacha zinazofanana na zile za ndani ya chembe nyekundu. Ukikuta mgusano wa aina hiyo katika 4HHB, usiupe maana hiyo hiyo.

Mwanafunzi_Kasapa (Lubumbashi)

Asanteni sana. Nitatumia faili lenye minyororo minane. Je, orodha hiyo inaweza kunisaidia kueleza kwa nini himoglobini ya mtoto mchanga haijengi nyuzi?

Mwalimu_wa_Biokemia (Bukavu)

Inaweza, na ningefurahi ukiifanya kuwa kiini cha sura yako. Himoglobini F, ile ya mtoto mchanga, ina minyororo ya gama mahali pa beta. Katika nafasi ya 87, ambapo beta ina treonini, gama ina glutamini, ambayo ni ndefu zaidi. Nafasi hiyo iko kando kabisa ya kishimo, kati ya 85 na 88, na ni mojawapo ya tofauti zinazozuia himoglobini F kujiunga na nyuzi. Ndiyo maana mtoto mwenye SS kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza, na ndiyo maana dawa ya haidroksiurea, inayoongeza himoglobini F, huwapunguzia wagonjwa wengi vipindi vya maumivu. Katika jedwali lako tafuta atomi za treonini ya 87 na uandike umbali wake hadi CG1 na CG2, kaboni mbili za ncha ya valini ya 6. Orodha ya migusano itakuonyesha mahali. Nguvu ya mshikamano haitakupa, na usiiandike kana kwamba imeipima.

Jambo la mwisho ni namba. Ripoti nyingi za kijenetiki huanza kuhesabu na methionini ya mwanzo, hivyo badiliko hili huandikwa kuwa la nafasi ya 7, wakati mafaili ya 4HHB na 2HBS yanaliweka nafasi ya 6. Andika juu ya jedwali ni hesabu ipi umeifuata, ili daktari atakayelisoma asidhani unazungumzia badiliko jingine.