Keshia akipata shoti, yaani pesa ipungue kwa droo, ni yeye alipe au mwenye duka abebe?

Mjomba_Section58: Jamani naomba maoni bila matusi. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ni keshia kwa duka moja la jumla hapa Nakuru, huu ni mwezi wake wa nne. Jumamosi jioni wakifunga hesabu droo yake ikapatikana na shoti ya 18,400. Supavaiza akamfungia mlango wa nyuma akamwambia aandike barua ya kukubali, akaandika hapo hapo akiwa amesimama, mkono unatetemeka hadi akakosea jina lake mwenyewe. Sasa mshahara wake ni 16,000 na ameambiwa mwezi huu hapokei kitu, mwezi ujao atamalizia deni. Na hiyo droo saa ya chakula cha mchana inashikwa na supavaiza, wote wawili wanatumia namba moja ya siri. Mwajiri ana haki ya kukata hivyo?

Duka_Mbili_Bondeni: Pesa haina miguu. Mimi niko na duka mbili na nimewahi kuwa na keshia alinimaliza pole pole, leo 500 kesho 700, kuja kushtuka siwezi kujaza stoki. Hakuna aliyenihurumia, wa kodi ya nyumba hakuniuliza kama nimeibiwa. Akatwe. Na pia mnatakiwa kuangalia vile wanavaa, keshia wa 16,000 akiwa na viatu vya 4,000 huna haja ya kuuliza pesa ilienda wapi.

Nyar_Kondele: Viatu??

Nyar_Kondele: Mzee hapo umenigusa pabaya. Nimekuwa keshia Kisumu miaka sita na viatu vyangu vyote natoa soko la Kibuye Jumapili asubuhi, ukiwahi wakifungua mtumba unapata ngozi ya maana kwa 400, ukiipaka rangi mtu kama wewe anaona 4,000. Nasimama masaa kumi na moja, kaunta haina kiti, mguu ukifura ndio unajua kiatu ni kifaa cha kazi. Ulitaka nije na patipati?

Duka_Mbili_Bondeni: Dada sikukutaja. Nilirusha jiwe gizani, nikisikia uwi najua limempata mtu.

Nyar_Kondele: Limenipata kwa sababu 2019 mdosi alinivua viatu mbele ya wateja akitafuta noti ya 1,000. Hakupata. Ilikuwa imeteleza chini ya droo, fundi wa kufuli akaiona wiki mbili baadaye na nishakatwa. Hakuna aliyenirudishia, hakuna aliyesema pole.

Mama_wa_Molo: Pole sana dadangu. Lakini pia tuseme ukweli, wengine wanaiba na wanajulikana.

Baba_Kakamega: Wacheni viatu. Mimi nilikuwa nauza mafuta kwa pampu. Saa kumi na moja alfajiri unapokezana shifti, mnasoma mita ya pampu na tochi ya simu, mwenzako anaandika kwa kitabu, ukikosea tarakimu moja wewe umeiba lita mia. Kuna dereva alijaza mafuta ya 6,000 akaondoka bila kulipa, nikakatwa mimi. Na shoti isiyojulikana ni ya nani tuligawana watu sita kila mwisho wa mwezi kama mchango wa harusi. Nilisikia sheria inakataza kabisa mwajiri kukata shoti.

Keshia_Mstaafu: Haikatazi, ila asipite nusu ya mshahara.

Kijana_wa_Faili: Nyote wawili mmekosea kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata shoti kwa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na hiyo shoti iwe imetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu kwake. Kwake yeye, si kwa shifti nzima, kwa hivyo huko kugawana watu sita hakuna msingi. Na makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili, huyu wa 16,000 lazima abaki na kama 5,300 mkononi. Kumwambia hapokei kitu ni makosa hata kama kweli alichukua.

Duka_Mbili_Bondeni: Sheria mnasoma upande mmoja. Mfanyakazi akimwibia mwajiri ni miaka 7 jela. Na ukimshuku unaweza kumfuta siku hiyo hiyo.

Kijana_wa_Faili: Kumshuku kwa sababu za kutosha, mzee, na hata hapo kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoelewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua yeye. Ukimfuta bado unamlipa siku alizofanya kazi. Akienda kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 analalamika, na korti ya ajira iko hapa Nakuru na iko Kisumu, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Piga hesabu ya 16,000 mara 12 halafu ulinganishe na 18,400.

Baba_Kakamega: Mimi polisi walinishika Ijumaa jioni. Masaa 24 ya kukupeleka kortini yanaishia wikendi, korti imefungwa, unatoka Jumatatu. Hiyo Ijumaa haikuwa bahati mbaya, na mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki tatu.

Mama_wa_Molo: Uwi. Na walipata ushahidi gani?

Baba_Kakamega: Hakuna. Hata kortini sikufika, niliachiliwa tu. Lakini mtaani tayari nilikuwa mwizi.

Mjomba_Section58: Asanteni. Nimemuuliza kuhusu mkataba, hajawahi kupewa karatasi yoyote, aliambiwa "anza kesho". Ameitwa kikao Jumatatu saa tatu. Mwenzake wa kaunta ya pili amekubali kuingia naye, ingawa anaogopa. Mwenye kuendesha kikao ni supavaiza yule yule.

Kijana_wa_Faili: Aandike leo, kabla hajasahau, saa aliyoenda chakula, saa aliyorudi, nani alikaa kwa droo, na vile barua ilivyoandikwa mlango ukiwa umefungwa. Aombe risiti za siku hiyo na hesabu ya mwisho iliyotiwa sahihi.

Duka_Mbili_Bondeni: Watu wawili namba moja ya siri, hapo hata mimi ningeanza na supavaiza. Kwa duka yangu kila mtu ana yake. Lakini bado mniambie, hasara ikose mwenyewe itabebwa na nani?

Nyar_Kondele: Mwenye kupanga watu wawili kwa droo moja. Na ile ya viatu bado hujaifuta.