Wanasayansi wanagundua vitu kwa kufananisha kweli, au mifano ni ya kutuelewesha sisi tu?

dogo_wa_F3: Wakuu habarini. Leo ticha wa fizikia kachora simtanki juu ya mnara na bomba linashuka, akasema volteji ni huo urefu wa tanki, karenti ni maji yanayopita, rezistansi ni bomba jembamba. Nimeelewa fresh. Ila nikajiuliza, aliyegundua mwenyewe naye alianzia kwenye mfano au mfano ulikuja baadaye?

fundi redio: Dogo umeuliza la maana. Ohm, yule aliyegundua uhusiano wa volteji, karenti na rezistansi, alianzia kwenye mfano ila si wa maji, wa joto. Fourier, mwanahisabati Mfaransa, alishatoa kitabu 1822 kueleza joto linavyosafiri kwenye chuma kutoka upande wa moto kwenda wa baridi, Ohm akawaza mbona umeme kwenye waya unafanana na hili, akachukua hesabu zilezile, penye tofauti ya joto akaweka nguvu ya betri, akachapisha 1827. Sio kwamba aliota tu, alishapima nyaya kibao kabla.

mama maabara: Na Carnot, yule injinia Mfaransa, je? 1824 alifananisha injini ya mvuke na gurudumu la maji, maji yakishuka gurudumu linazunguka, basi na joto likishuka kutoka kwenye boila kwenda penye baridi kazi inafanyika. Kinachonichekesha, aliamini joto ni kama kimiminika kisichopungua njiani, kumbe sehemu yake inageuka kuwa kazi. Mfano ulikuwa na kasoro lakini wazo lake kwamba ukomo wa ufanisi unategemea joto la pande zile mbili tunalifundisha mpaka leo.

Mpinzani Halali: Mwambieni na upande wa pili jamani. Young, mwanasayansi Mwingereza, aliulinganisha mwanga na mawimbi ya maji na sauti akafika mbali, ila watu wakaendelea kuwaza, sauti si inahitaji hewa, basi mwanga nao lazima uwe na kitu cha kupitia, wakakiita etha. Wanasayansi Michelson na Morley wakaisaka 1887 wakatoka kapa. Mfano uleule uliosaidia ndio ukapotosha!

dogo_wa_F3: Sasa hili simtanki letu linaishia wapi?

fundi redio: Kata bomba, maji yanamwagika. Kata waya wa betri uone kama umeme utamwagika sakafuni.

dogo_wa_F3: Duh. Kesho ticha atanikoma 😂